Alama za Vidole Hazisahau: Kijana, Rekodi ya Jinai na Ndoto ya Sare ya Jeshi

(Maneno ya mhadhara kwa vijana na wazazi, baada ya swala ya tarawehe)



Ndugu zangu vijana, dada zangu, na nyinyi wazazi wetu mnaoheshimika. Nawashukuru kwa kubaki. Najua kuna wenye matumbo mazito ya futari na kuna wenye macho ya usingizi, na kina mama wana daku ya kutayarisha. Sitawaweka sana. Lakini mada ya usiku wa leo ni mada ambayo twaikwepa, na kwa kuikwepa vijana wetu wanaumia. Mada yenyewe ni hii: kijana aliye na rekodi ya jinai, na hamu yake ya kujiunga na jeshi.

Mnajua mambo yanavyokuwa tangazo la usajili likitoka. Mtaa mzima wapata uhai. Vijana waanza kukimbia alfajiri, kila mmoja anatafuta mahali pa kupima urefu, vyeti vyatolewa chini ya godoro. Halafu kuna yule mmoja hakimbii. Amekaa kibarazani, akiulizwa asema, "Mimi jeshi silitaki." Ukimvuta pembeni mkazungumza taratibu, ndipo wajua kwamba alitaka tangu utotoni, ila miaka miwili mitatu nyuma alishikwa kwenye msako, akapelekwa kortini, na tangu siku hiyo hajui jina lake limeandikwa vipi. Hajui, na anaona haya kuuliza. Na wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa hivyo leo tulivue hili jambo nguo, tuliangalie.

TANGAZO LASEMA NINI

Tuanze na tangazo lenyewe, manake wengi husikia habari zake vijiweni bila kulisoma. Jeshi letu la Ulinzi, KDF, lina matawi matatu: jeshi la nchi kavu, jeshi la wanahewa na jeshi la wanamaji ambalo makao yake ni hapa Mtongwe. Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka kurutu wa kawaida awe raia wa Kenya mwenye kitambulisho, awe na umri wa miaka 18 hadi 26, awe na angalau alama ya D katika mtihani wa kidato cha nne, urefu usiopungua mita 1.60, na uzito usiopungua kilo 54.55 kwa mvulana na kilo 50 kwa msichana. Halafu kuna mstari mmoja mfupi ambao watu huupita mbio: asiwe na rekodi ya jinai.

Mstari huo hauna maelezo mengi. Hausemi "isipokuwa kosa dogo." Hausemi "isipokuwa kama ni zamani." Na tangazo halionyeshi dirisha lolote la kuombea kusamehewa sharti hilo. Kwa hivyo anayekwambia kwamba kuna njia maalumu, muulize imeandikwa wapi.

Tazama pia ule umri. Milango yafungwa kwa kurutu wa kawaida akipita miaka 26. Maana yake ni kwamba kijana aliyehukumiwa akiwa na miaka 20 hana muda mrefu wa kusafisha mambo yake. Akikaa miaka sita akiona haya, basi hata akija kushinda kesi, umri umeshampita. Ndiyo maana nasema tusingoje.

KWA NINI JESHI LINAULIZA

Kijana ataniuliza: "Mbona wanatufuatilia hivyo? Mtu si hubadilika?" Swali zuri, na lina majibu ya pande mbili.

Upande wa kwanza: askari hupewa bunduki, hupewa siri, na hupewa maisha ya wenzake. Anayemkabidhi vitu hivyo ana haki ya kuuliza ametoka wapi. Tuchukue mfano wa Marekani. Wao wana utaratibu wa kusamehe baadhi ya makosa ya mwombaji, na mwombaji hutakiwa aseme yote, hata ya utotoni ambayo korti iliyafungia. Wakati vita vya Irak na Afghanistan vilipokolea, walikosa watu, wakalegeza. Mwaka 2006 jeshi lao la nchi kavu liliwapokea watu 249 waliokuwa wamehukumiwa kwa makosa makubwa. Mwaka 2007 wakafika 511, yaani zaidi ya mara mbili. Miongoni mwa waliopokelewa kwa msamaha wa makosa madogo alikuwa mmoja aitwaye Steven Green, aliyeingia mwaka 2005. Machi 2006, yeye na wenzake waliingia nyumba ya familia moja huko Mahmudiyah, kusini mwa Baghdad, wakamnajisi binti wa miaka 14 na kumuua, yeye na wazazi wake na mdogo wake. Mwaka 2009 alihukumiwa kifungo cha maisha. Familia nzima ilizikwa, na moja katika maswali yaliyoulizwa baadaye ni nani aliyemfungulia mlango.

Upande wa pili, na lazima tuuseme kwa uadilifu: jeshi hilo hilo lilipowachunguza wanajeshi wake walioingia kwa msamaha, liliona kwamba wengi wao walifanya kazi vizuri. Walifukuzwa kwa utovu wa nidhamu kuliko wenzao, ndiyo, lakini pia kuna waliopanda vyeo upesi na waliopata nishani za ushujaa. Kwa hivyo rekodi haisemi mtu atakuwa nani kesho. Yasema tu alifanya nini jana. Uingereza wameliona hilo, na tangu mwaka 1974 wana sheria inayofanya hukumu nyingi ndogo zihesabiwe zimekwisha baada ya muda fulani, mtu akae kama hakuhukumiwa. Sisi Kenya hatuna sheria ya jumla ya namna hiyo. Hukumu yako ya mwaka 2010 bado ni hukumu yako leo. Hilo ndilo jambo la kuliweka akilini kabla hatujaendelea.

REKODI YAANZIA WAPI

Sasa basi, rekodi ni nini? Hapa watu huchanganya mambo manne, na kila moja lina uzito wake.

Kwanza, kukamatwa. Jina limeandikwa kwenye kitabu cha matukio kituoni, ukalala selo, asubuhi ukaachiliwa. Huko si kuhukumiwa. Pili, kushtakiwa. Umepelekwa kortini, hati ya mashtaka imesomwa, na kwa kawaida polisi wameshachukua alama za vidole vyako. Hapo bado ni mtu asiye na hatia. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, yasema hivyo wazi. Tatu, kesi kuisha bila hukumu: umeachiliwa huru, au upande wa mashtaka umeiondoa kesi. Nne, kuhukumiwa: umepatikana na hatia, ama kwa ushahidi ama kwa mdomo wako mwenyewe.

Hata ndani ya hilo la nne kuna tofauti. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 35, yampa hakimu nafasi ya kumwachilia mtu bila adhabu, au kwa sharti la kutofanya kosa ndani ya muda usiozidi miezi 12. Na sheria ya kifungo cha nje yamruhusu hakimu wa korti ya chini, akitazama umri na mwenendo wa mshtakiwa, amweke chini ya afisa wa urekebishaji tabia bila hata kuandika kwamba amemhukumu. Umeona? Vijana wawili, kosa moja, korti moja. Mmoja aandikwa hukumu, mwingine haandikwi. Tofauti mara nyingi ni kwamba yule wa pili alikuwa na mtu wa kumsemea, akamwomba hakimu atumie nafasi hiyo.

"KUBALI TU UENDE NYUMBANI"

Hili neno, ndugu zangu, ndilo limeharibu vijana wengi wa mitaa yetu kuliko bangi yenyewe. Naomba nilizungumze kwa kirefu kidogo.

Msako umepita Ijumaa usiku. Kijana kachukuliwa na wenzake saba. Pengine mmoja wao ana msokoto, pengine hakuna mwenye kitu. Jumatatu wako kortini, wamechoka, wananuka, hawajaoga. Mtu atatokea, aweza kuwa mwenzake wa selo, aweza kuwa karani wa pembeni, na mara nyingine, Mungu atusamehe, ni mjomba wake mwenyewe, amwambie sikioni: "Kubali tu. Ukikataa utarudishwa rumande wiki mbili. Ukikubali ni faini ya elfu mbili, twalipa, twaenda zetu." Kijana asomewa shtaka, ajibu, "Ni ukweli." Hakimu aandika. Faini yalipwa. Jioni wako kibarazani wanakunywa chai, watu wacheka, mambo yamekwisha.

Hayajakwisha. Yameanza. Lile neno "ni ukweli" limegeuka hukumu, na hukumu imefuatana na zile alama za vidole hadi Nairobi. Faini ya elfu mbili italipwa kwa miaka yote ya maisha yake. Na si jeshi tu. Polisi nao wataka asiye na rekodi. Mwalimu wa TSC hutakiwa cheti cha tabia njema. Anayetaka beji ya kuendesha matatu hutakiwa. Anayetaka kwenda kufanya kazi Ghuba huulizwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi sikizeni, na mzazi asikie. Katiba, kifungu cha 49, yasema aliyekamatwa ana haki ya kunyamaza, ana haki ya kuzungumza na wakili, na ni lazima afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata kama muda huo umeangukia siku korti imefungwa. Na kuna jambo lingine ambalo wachache sana walijua: kifungu hicho hicho chasema kwamba kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita, mtu hawezi kuwekwa rumande kwa ajili yake. Kwa hivyo kile kitisho cha "utarudishwa rumande" kwa makosa mengi madogo ni kitisho hewa tu. Lakini kimewafanya vijana wakubali wasichokifanya.

Kama hukufanya, sema hukufanya. Kama hukufahamu shtaka, sema hukufahamu, uombe lisomwe kwa lugha unayoielewa. Kama ulishasema "ni ukweli" kwa kuogopa, na hakimu hajatoa adhabu, waweza kuomba kubadilisha jibu lako. Na kama adhabu imeshatolewa, una siku 14 za kukata rufaa, na ukipitwa na siku hizo kwa sababu ya maana, waweza kuiomba Mahakama Kuu ikuongezee muda.

Mtaniambia, "Wakili ni pesa." Kweli, wakili ni pesa. Lakini tangu mwaka 2016 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na ofisi ya serikali ya kuisimamia. Na hapa kwetu kuna mashirika ya haki kama Muhuri na Kituo cha Sheria. Ushauri wa kwanza si pesa, ni miguu yako kufika mlangoni kwao.

Na kwa aliyefanya kweli? Aliyeiba akaiba, aliyempiga mtu kisu akampiga? Simwambii adanganye. Huyo aseme ukweli, lakini aombe afisa wa urekebishaji tabia aandike ripoti yake kabla ya adhabu, aje na wazee wake, amwombe msamaha aliyemdhulumu na kumrudishia haki yake. Ukweli na uzembe si kitu kimoja. Mtu aweza kusema kweli na bado akajitetea kwa adabu.

KESI ILIISHA, FAILI HALIKUISHA

Kundi jingine ni la wale waliotoka salama kortini. Kesi ilitupwa, mlalamishi hakuja, au hakimu alisema hakuna kesi ya kujibu. Wakaenda nyumbani na furaha, wakazaa, wakasahau. Siku wanaomba cheti cha tabia njema, ile mtaani twaita gudi kondakt, jina laja na doa. Kumbe korti ilisema, lakini hakuna aliyepeleka habari kwenye idara ya upelelezi, DCI. Faili lao bado lasema "ameshtakiwa," halisemi ilikuwaje.

Dawa yake ni hii. Usingoje siku ya usajili ndio ujue. Omba cheti mapema kupitia eCitizen. Ada yake kwa miaka mingi imekuwa shilingi 1,050. Watoa fomu, alama za vidole vyachukuliwa katika Huduma Senta, wangoja. Hiyo pesa ni ndogo kuliko pesa tunayonunulia kandanda za Idd, na itakwambia uko wapi.

Ukikuta doa na wewe kesi ulishinda, nenda masjala ya korti ile ile na namba ya kesi. Omba nakala ya uamuzi iliyopigwa muhuri. Iweke nakala mbili tatu, nyingine mwachie mama. Kisha peleka DCI kwa barua, uweke nakala ya barua iliyogongwa "imepokelewa." Na ukisukumwa huku na huku, usirudi ukapiga magoti kama waomba sadaka. Katiba, kifungu cha 35, yampa kila mtu haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu zirekebishwe au zifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo yatilia mkazo haki ya kusahihishiwa habari zako. Na iko tume ya malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za serikali, ambayo wengi huiita Ombudsman. Andika. Barua moja yenye tarehe yashinda safari kumi za kulalamika.

Sasa hili nalisema kwa uwazi: kazi hii yachosha. Ni nauli, ni foleni, ni "njoo kesho." Ndiyo maana natamani chama chetu kiwe na vijana wawili watatu wenye kuandika vizuri, wa kuwasaidia wenzao barua hizi. Wapo wahitimu hapa wamekaa bila kazi. Hiyo ni kazi, na thawabu yake haitapotea.

ALIYEHUKUMIWA KWA HAKI, ATAENDA WAPI?

Tumefika pagumu. Kijana alifanya kosa, akahukumiwa, akatumikia. Ametubu. Haukosi msikiti. Aniuliza, "Sheikh, mimi Mola wangu nimemrudia. Mbona serikali hainisamehi?"

Nduguyo nakujibu hivi. Toba ni baina yako na Mola wako, na mlango wake hauulizi umri wala kitambulisho. Faili la DCI ni jambo jingine. Usichanganye haya mawili. Usije ukaona kwamba kwa sababu faili halijafutwa basi na toba yako haikukubaliwa. Hapo ndipo shetani huwashika vijana wengi: "Maadamu nimeshachafuka, acha nichafuke." La. Karatasi si hukumu ya mwisho juu yako.

Kwa upande wa karatasi, zipo njia chache, nami sitaki kukuuzia matumaini bandia. Ipo rufaa, tumeizungumza. Ipo kesi kusikizwa upya, ikiwa rufaa imeshindwa au muda wake umepita, na umepata ushahidi mpya na wenye nguvu. Na ipo huruma ya Rais. Katiba, kifungu cha 133, yampa Rais uwezo wa kumsamehe aliyehukumiwa, kwa ushauri wa kamati maalumu, na sheria yake ilipitishwa mwaka 2011. Mtu yeyote aweza kuomba. Si jambo la wiki moja, na si kila aombaye hupata. Lakini ombi lenye barua ya imamu, ya chifu, ya mwajiri, na ya aliyedhulumiwa mwenyewe akisema "nimesamehe," ni ombi lenye miguu.

Na ikiwa sare haikuandikiwa wewe? Tusidanganyane, pengine haikuandikiwa. Basi kile ulichokitaka ndani ya sare kitafute nje yake. Ulitaka nidhamu? Ulitaka mshahara wa kumtunza mama? Ulitaka kuheshimika? Fundi wa umeme aliyefanya mtihani wa ufundi wa NITA, hakuna anayemuuliza alama za vidole akija kuwasha taa nyumbani mwako usiku wa giza. Fundi seremala, mvuvi mwenye chombo chake, mkulima wa Kwale mwenye minazi yake, wote hawa wanaheshimika. Hata magereza yetu hufunza ufundi na kuwafanyia wafungwa mitihani yake. Kijana akitoka na cheti hicho asikifiche kabatini kwa haya. Hicho ndicho kitu kizuri alichotoka nacho, akionyeshe.

MILANGO YA UONGO

Kijana aliyezuiwa mlango wa mbele huja kuitwa milango ya nyuma. Ni mitatu, na yote mwisho wake ni shimo.

Wa kwanza ni mlango wa broka. "Nipe laki tatu, rekodi yako naitoa, na barua ya mwaliko wapata." Mama auza ng'ombe, au kiwanja cha mirathi. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humshika mtoaji na mpokeaji sawasawa: kifungo hadi miaka 10, au faini hadi shilingi milioni tano, au vyote viwili. Jeshi nalo kila mwaka laonya kwamba usajili ni bure, na mwenye barua bandia akifika kambini Eldoret hukamatwa pale pale. Yaani ulikwenda kufuta rekodi, warudi na rekodi mpya! Na kumbukeni usajili wa polisi wa Julai 2014. Vijana 10,000 walichaguliwa, malalamiko ya hongo yakajaa, kesi ikaenda kortini, na Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikafuta usajili wote. Mei 2015 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo. Waliokuwa wamelipa, walimdai nani?

Mlango wa pili ni wa kuficha. "Usiseme kitu, hawatajua." Atumia jina la kaka yake, au ajibu "la" kwenye fomu. Kutoa jibu la uongo wakati wa kujiandikisha jeshini ni kosa peke yake. Hata akipita, atakaa miaka akishtuka kila akiitwa ofisini. Njia ya mwongo ni fupi, na ya jeshini ni fupi zaidi kwa sababu alama za vidole hazina jina la kaka.

Mlango wa tatu ndio wa hatari kubwa: kwenda kupigana kwa wengine. Tunajua hapa Pwani kuna waliochukuliwa kuvushwa mpaka kwa ahadi za pesa na maneno ya dini, na mama zao hadi leo hawana kaburi la kuzuru. Sasa umezuka mlango mwingine. Mwaka 2022 kampuni ya Wagner ya Urusi iliingia magerezani mwao, ikawaahidi wafungwa msamaha wakipigana Ukraine kwa miezi sita. Wengi hawakurudi. Na Novemba 2025 serikali yetu yenyewe ilisema kwamba Wakenya zaidi ya 200 huenda wamejiunga na vita hivyo upande wa Urusi, na baadhi yao walikuwa wameahidiwa kazi za kawaida. Kijana mwenye rekodi ndiye windo lao jepesi, manake wamwambia, "Sisi hatuulizi ulifanya nini." Ndugu yangu, asiyeuliza umetoka wapi, hajali pia utakwenda wapi. Na Kanuni yetu ya Adhabu ina kifungu, cha 68, kinachomgusa raia anayejiunga na jeshi la nje bila kibali. Hata ukirudi mzima, huenda ukarudi mshtakiwa.

KWA WAZAZI

Nimalizie na wazazi, na mnisamehe nikisema kwa ukali kidogo.

Mtoto wako akikamatwa na hajafika miaka 18, chukua cheti chake cha kuzaliwa ukimbie nacho kituoni usiku huo huo. Usingoje asubuhi. Akiandikwa mtu mzima, mambo yote yanabadilika. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kubebeshwa jinai, na kwa aliyezidi hapo yaweka njia ya kumrekebisha nje ya korti: aombe msamaha, alipe alichoharibu, apate nasaha. Njia hiyo ipo kwa ajili ya mwanao, lakini haitamfuata nyumbani. Wewe ndiye wa kuiomba.

La pili, usiseme "kubali tu uende nyumbani." Tumeshaona bei yake.

La tatu, akirudi kutoka jela, mpokee. Mtaa una macho na ulimi. Kijana amekaa safu ya mbele msikitini, mtu avuta viatu vyake karibu. Amekuja kuposa, jibu ni "yule wa kesi?" Sisi ndio tunaomba Mola atusitiri aibu zetu usiku na mchana mwezi huu, kisha twafunua za mwenzetu kabla ya futari. Kama jeshi limemkataa lina sababu zake za bunduki na siri. Sisi, kumkatalia kibarua, mke na salamu, tuna sababu gani?

Na nyinyi vijana ambao bado mko safi, nawaambia neno moja. Tangazo lijalo mtajipima urefu na uzito. Jipimeni na hili la tatu mapema. Usiku wa leo mkitoka hapa kuna atakayewaita kona. Kuna atakayewapa kitu mshike "kidogo tu." Ukiona gari la polisi lapita na huna hatia, una hatua zako. Lakini usiwe pahali ambapo hatia yakungojea.

Aliye na swali ambalo hawezi kuliuliza mbele za watu, aje baada ya alfajiri. Tutakaa pembeni, tutasoma karatasi zake pamoja, na tutakayoyasoma yatabaki baina yetu.

Mola atutakabalie funga zetu, awatengeneze vijana wetu, na awarudishie heshima walioidhulumiwa. Ramadhan Karim.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.